Kudhibiti Sungura wa Porini katika Shamba Dogo Linalopakana na Malisho ya Punda na Farasi: Mwongozo kwa Wakulima wa Tanga

Mkulima anayelima ekari moja au mbili upande wa Muheza na Pangani anaifahamu asubuhi ile ambapo hufika shambani na kukuta tuta zima la kunde, ambalo jana jioni lilikuwa limechipua majani mawili mawili, limebaki vijiti vya urefu wa kidole vilivyokatwa kana kwamba vimepitiwa na wembe. Hasara ya namna hii huwa kubwa zaidi pale shamba linapopakana na malisho, kwa kuwa malisho humpa sungura nyasi za kula na vichaka vya kulala mahali pamoja, naye akishiba nyasi hutembea hatua chache tu kuja kwenye mboga.

Katika ukanda wetu wa pwani malisho hayo huwa ya ng'ombe, mbuzi na punda. Farasi ni wachache, kwa sababu mbung'o na ugonjwa wa nagana anaouambukiza viliwafanya wasidumu katika sehemu nyingi za nchi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani, Saadani na Bagamoyo kwenda bara ibebewe mizigo na wapagazi. Hata hivyo wapo wachache wanaofuga farasi, na kila nitakaloeleza kuhusu punda linamhusu farasi vilevile, maana ni wanyama wa ukoo mmoja, na kwato zao na matumbo yao hayatofautiani sana.

Naandika haya kwa sababu njia nyingi ambazo watu hupeana za kumwondoa sungura, yaani sumu, mashimo na vitanzi vya waya, humfikia punda wa jirani kabla hazijamfikia sungura mwenyewe. Mkulima akiondoa maficho pembezoni mwa shamba na akaziba njia za chini kwa uzio uliojengwa vizuri, hatakuwa na haja ya kuua mnyama yeyote. Nimelima kwa utaratibu huu ekari moja na nusu kusini mwa Mto Pangani, na malisho ya punda yako mpakani kwangu.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba mharibifu ni sungura

Sungura wa porini wa nchi yetu, ambaye baadhi ya wazee wa pwani bado humwita kitungule, si yule anayefugwa katika vibanda. Yule wa kufugwa asili yake ni Ulaya. Huchimba mashimo, hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na watoto wake huzaliwa bila manyoya huku macho yakiwa yamefumba. Sungura wa porini hachimbi shimo. Mchana hulala katika kijibonde alichokibonyeza kwa mwili wake chini ya nyasi ndefu au kichaka, hubeba mimba kwa takriban siku 42, na mtoto wake huzaliwa akiwa na manyoya na macho yakiwa wazi, tayari kujificha peke yake. Kwa mkulima jambo hili lina uzito mkubwa, kwani hakuna pango la kuziba wala la kufukiza moshi. Anayezunguka na jembe akifukia kila tundu analoliona hufukia makao ya panya buku, nungunungu au muhanga, ilhali sungura amelala hatua 20 kutoka hapo, kimya, masikio ameyalaza mgongoni.

Anza kwa kuchunguza mmea ulioliwa. Sungura ana meno makali ya mbele juu na chini, hivyo hukata shina changa kwa mshazari na jeraha huwa safi. Mbuzi na paa hawana meno ya mbele katika taya la juu. Wao huvuta na kurarua, na ncha ya shina hubaki na nyuzi zilizochanika. Punda ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo naye hukata karibu sana na ardhi, lakini mara nyingi hung'oa mche pamoja na mizizi na huacha alama ya kwato ambayo haiwezi kufichika katika udongo wa tifutifu. Ndezi hukata kwa mshazari kama sungura, ila yeye hupenda mashina manene ya mahindi na miwa, huyaangusha na kuacha vipande vipande chini, na zaidi hukaa mabondeni penye matete. Ikiwa mbegu imefukuliwa kabla haijaota, mtafute panya au ndege.

Kisha tazama kinyesi. Cha sungura ni vidonge vya mviringo vyenye ukubwa wa punje ya mbaazi, vikavu, na ukikipasua kimoja kwa kijiti utaona nyuzi za nyasi ndani yake kama unga wa mbao. Cha mbuzi ni cheusi zaidi, laini juu, na kirefu kidogo. Cha ndezi ni kirefu kilichopinda na kina mfereji mwembamba upande mmoja.

Ushahidi wa mwisho ni nyayo. Jioni, kabla jua halijazama, chekecha majivu ya kuni mahali ambapo nyasi zinaonyesha kijia cha kupita, eneo la upana wa mkeka mdogo, na alfajiri uende ukaangalie kabla watu na kuku hawajapita. Sungura anaporuka, miguu yake mirefu ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele. Utakuta alama mbili ndefu zimekaa sambamba, na nyuma yake alama mbili ndogo zilizofuatana moja baada ya nyingine. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani mnyama alikuwa akielekea kichakani, kumbe alikuwa anatoka; nilikuwa nimezisoma kinyumenyume. Anayejua kuzisoma hujua pia ni upande gani wa shamba unahitaji kazi ya kwanza.

Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu hasara. Chagua sehemu 10 shambani, katika kila moja hesabu mashina 10 yaliyofuatana, uandike ni mangapi yaliyokatwa. Utapata idadi kati ya mashina 100, na idadi hiyo ndiyo itakayokuambia baadaye kama jasho lako limezaa matunda.

Hatua ya pili: Sheria na jirani

Wanyamapori wote ni mali ya umma, na sungura wa porini ni mmoja wao hata akiwa ndani ya shamba lako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka anayewinda awe na leseni, na inakataza njia kama sumu, mitego ya mashimo na nyaya za kunasa. Wanaoishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Ikiwa uharibifu umezidi uwezo wako, mwone mtendaji wa kijiji akuunganishe na afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kushauri hatua nyingine. Kujenga uzio, kufyeka nyasi na kuzungushia miche kinga hakuhitaji kibali.

Jambo la pili ni kuzungumza na mwenye punda kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza. Mimi nilikwenda kwa jirani yangu baada ya sala ya alasiri, nikamwamkia, nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nataka kuzungushia shamba wavu upande huu wa malisho, nami nachelea punda wako wasije wakajikwaa." Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Punda hajui mpaka. Wewe nionyeshe waya utapita wapi, mimi nitawafunga mbali mpaka wauzoee." Maneno hayo machache yaliokoa mambo mengi, kwa sababu punda anayekuta kitu kipya gizani katika njia aliyoizoea miaka yote hukipitia bila kukiona.

Hatua ya tatu: Ondoa maficho, na umtumie punda mwenyewe

Sungura haogopi shamba, anaogopa uwazi. Kati ya kichaka anacholala na mboga anayoitaka hutafuta njia yenye nyasi za kumsitiri, na akilazimika kupita mahali peupe penye uwezekano wa kuonekana na bundi au mbweha, husita. Fyeka ukanda wa mita 6 hadi 8 kuuzunguka uzio, nyasi zisizidi urefu wa kidole. Marundo ya matawi, magogo yaliyooza na mabua ya mahindi yaliyorundikwa pembeni uyaondoe kabisa, kwani ndiyo malazi anayoyapenda kuliko yote.

Ukanda huo ukiuachia mvua za masika utakuwa msitu ndani ya wiki 3, na hapo ndipo punda anapokuwa msaada. Punda hula nyasi karibu sana na ardhi kuliko ng'ombe, ambaye hutumia ulimi kuzoa nyasi ndefu. Akifungwa kwa kamba kwa zamu, saa chache asubuhi, ataufyeka ukanda huo bila malipo, nawe utakuwa umempa mwenye punda malisho ya ziada. Masharti ni matatu: kamba ifungwe kwenye hatamu ya kichwani na isifungwe mguuni, urefu wake uwe pungufu ya umbali wa kuufikia wavu kwa mita 2 angalau, na pawepo maji na kivuli, maana jua la Januari katika ukanda huu halina huruma kwa mnyama aliyefungwa.

Tatizo moja husahauliwa. Punda na farasi wana tabia ya kutenga sehemu za malisho kwa ajili ya haja zao, na nyasi zinazoota hapo hawazili. Ndani ya miezi michache malisho huwa na mabaka: hapa pamenyolewa kama uwanja wa mpira, pale pameota vishungi virefu vyenye samadi katikati. Sungura hulala katika vishungi hivyo. Kwa ruhusa ya mwenye malisho, zoa samadi mara moja kwa wiki na ufyeke vishungi kwa fyekeo. Samadi hiyo isirushwe mbichi kwenye mchicha. Irundike kwa muda wa miezi 3 hivi, ikigeuzwa mara kwa mara, kwani ina mbegu nyingi za magugu ambazo tumbo la punda haliziui zote.

Moto usiutumie. Licha ya hatari ya kuunguza minazi na nyumba za makuti, nyasi zilizochomwa huchipua majani mabichi laini baada ya siku chache, na machipukizi hayo huwaita sungura kutoka mbali.

Hatua ya nne: Uzio

Hapa ndipo fedha zako nyingi zitakapokwenda, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 255 hivi, na robo ekari ya mraba ina mita 127. Yaani ukizungushia robo tu, nusu ya gharama inaondoka. Ushauri wangu ni kuweka kunde, mchicha, choroko na miche ya kitalu ndani ya robo hiyo, na kuiacha mihogo, minazi na mahindi yaliyokwisha kupevuka nje, kwa sababu sungura hana shughuli kubwa nayo. Kwa robo ekari utahitaji maroli matano ya wavu ikiwa kila roli lina mita 30.

Nunua wavu wa waya wa mabanda ya kuku wenye matundu yasiyozidi sentimita 3 na upana wa sentimita 120. Tundu dogo lina faida mbili: mtoto wa sungura hawezi kupenya, na ukwato wa punda hauwezi kuingia. Wavu wa matundu makubwa, ule wa kuzungushia ng'ombe, ni hatari, kwa sababu punda akikanyaga chini ukwato hupita, na anapovuta mguu waya humkaba juu ya ukwato. Seng'enge usiitumie hata kidogo upande wa malisho. Ng'ombe huwa na ngozi nene na hurudi nyuma taratibu. Punda na farasi wakishtuka huvuta kwa nguvu zao zote, na miba ile huchana nyama hadi mfupani.

Nguzo ziwe na urefu wa mita 1.8, zichimbiwe nusu mita, na ziachane mita 3. Za mtiki ni bora, na mianzi iliyokomaa hufaa kwa miaka michache. Nguzo za mikoko zimezoeleka pwani, lakini mikoko haikatwi bila kibali, na sioni sababu ya kuharibu mazalia ya samaki kwa ajili ya kuokoa kunde. Ncha inayoingia ardhini uiunguze juu juu kwa moto mpaka iwe nyeusi. Oili chafu ya magari usiipake, kwa kuwa punda na farasi hutafuna mbao wanapokosa nyasi.

Wavu uufunge upande wa nje wa nguzo, ili mnyama anayeusukuma ausukume kuelekea kwenye nguzo. Sentimita 90 zisimame, na sentimita 30 za chini zikunjwe kuelekea nje kama miguu ya mtu aliyekaa akiinyosha. Sungura anayejaribu kupita chini huanza kuparua pale pale wavu unapokutana na ardhi, naye akikuta waya chini ya kucha zake hana akili ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia huko. Katika pande zisizo na punda, mkunjo huo unaweza kulazwa juu ya ardhi, ukapigiliwa kwa vijiti vyenye panda kila nusu mita na kufunikwa udongo. Nyasi zitaota kati yake na kuushika. Upande wa malisho uchimbe mtaro wa kina cha sentimita 15, ulaze mkunjo ndani yake, ufukie na kushindilia, ili ukwato usikutane na waya. Mimi niliufukia kijuujuu tu mwaka wa kwanza, na mvua ya vuli ikaufukua. Niliuona asubuhi umejinyanyua kama jamvi lililokunjamana. Kazi hiyo niliirudia yote.

Juu ya wavu, kwa urefu wa sentimita 120, pitisha waya mmoja laini usio na miba, uukaze vizuri, na ufunge vipande vya kitambaa cheupe kila baada ya mita 1. Waya huo hauna kazi kwa sungura. Kazi yake ni kumzuia punda asiegemee wavu anapojikuna, na vitambaa humwonyesha usiku kwamba hapa pana kizuizi. Ncha zote za waya uzisokote kuelekea ndani ya shamba, kisha upite na kiganja polepole upande wa nje, na popote panapokukwaruza wewe patamchana punda.

Lango ndilo sehemu ambayo uzio mzuri hushindwa. Nafasi ya chini ya lango isizidi sentimita 3, na kwa kuwa ardhi hulika kwa kukanyagwa, weka kizingiti cha ubao mgumu au matofali yaliyozikwa. Mahali mtaro wa maji unapopita chini ya uzio, funga vipande vya nondo vyembamba vilivyosimama, vikiachana sentimita 3, na uvisafishe takataka baada ya kila mvua kubwa.

Kabla hujafunga sehemu ya mwisho, hakikisha hujamfungia sungura ndani. Jioni, watu wanne au watano wajipange mstari kutoka upande wa mbali, watembee polepole wakipiga majani kwa fimbo kuelekea kwenye uwazi. Mtu mmoja akipita peke yake sungura atalala kimya ampite, kwa hiyo waite vijana wa jirani.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, upepo wa chumvi hula wavu mwembamba haraka. Ukiwa na uwezo, nunua ule uliopakwa zinki kwa unene, na uanze kuukagua kuanzia sentimita 10 za chini, kwani kutu huanzia hapo penye unyevu.

Kuhusu ua wa mimea, watu wa Tanga huniuliza kwa nini wasipande mkonge, mmea ambao Richard Hindorf aliuleta Pangani mwaka 1893 na ambao umeufanya mkoa huu ujulikane duniani. Mkonge ni mzuri wa kuzuia watu na ng'ombe, lakini chini ya majani yake pana nafasi ya kutosha sungura kulala kama mgeni chumbani. Ukiwa nao tayari, pitisha wavu wa urefu wa sentimita 60 mbele yake. Minyaa hufunga vizuri zaidi, ila utomvu wake huunguza macho ya watu na wanyama. Mbono kaburi na mbono wa kawaida sivipendekezi mpakani mwa malisho: mbegu zake ni sumu, na punda au farasi akizila pamoja na majani makavu yaliyoanguka anaweza kufa.

Hatua ya tano: Miche ya matunda

Wakulima wa michungwa wa Muheza wanajua kwamba mche wa mwaka wa kwanza unaweza kumenywa gome kuuzunguka pande zote, na mche uliomenywa hivyo mizizi yake haipati chakula tena kutoka kwenye majani. Hilo hutokea zaidi wakati wa kiangazi, nyasi zinapokauka na gome likabaki kitu pekee chenye majimaji. Zungushia kila mche silinda ya wavu yenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa sentimita 60, iliyoshikwa na vijiti viwili. Asiyekuwa na wavu ajenge kizimba kwa vijiti vya makuti vilivyochomekwa karibu karibu. Makumbi ya nazi hufaa kutandazwa kuzuia magugu, lakini yakae mbali na shina kwa shubiri moja, la sivyo panya watahamia hapo.

Hatua ya sita: Vitu ambavyo havipaswi kuingia shambani

Mwaka wangu wa tatu mtu mmoja wa upande wa pili wa malisho alitega vitanzi vya waya wa breki ya baiskeli katika vijia vya sungura. Alfajiri nilimkuta mtoto wa punda amesimama peke yake karibu na mpaka wangu. Hakuwa akilia. Alikuwa ameinua mguu wa mbele kidogo, kama anayesubiri kuvishwa kiatu, na nilipokaribia niliona waya umezama juu ya ukwato kiasi kwamba hauonekani, ila mstari mwekundu tu na inzi. Mwenye punda alimshika kichwa akimsemesha, nami nikaukata kwa koleo. Aliishi, lakini alichechemea hadi vuli. Punda huficha maumivu yake, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani hajaumia sana. Sitasahau ukimya wa mnyama yule, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko yote.

Mashimo ya kutegea nayo ni hivyo hivyo. Shimo la nusu mita lililofunikwa nyasi humpita sungura mwepesi, kisha likamvunja mguu punda aliyebeba madumu ya maji.

Sumu inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wanaoitumia hudhani wameielekeza kwa mnyama mmoja. Chambo huwa ni pumba, mahindi au vipande vya boga, na hivi vyote punda na farasi huvipenda kuliko sungura anavyovipenda. Wanyama hawa hawawezi kutapika. Kilichoingia tumboni hakirudi, wala huwezi kukitoa kwa kuwalazimisha. Sungura aliyekufa kwa sumu huliwa na mbwa, kunguru, mwewe na bundi, nao hufa, na kwa kuwaua hao umewaua wawindaji waliokuwa wakikusaidia bure kila usiku. Mtu akiwinda nyama hapo karibu naye atakula alichokula sungura.

Ipo hatari nyingine ambayo wengi hawaijui kabisa. Baadhi ya vyakula vya kuku vilivyochanganywa kiwandani vina monensini, dawa ya kuzuia koksidiosisi, yaani ugonjwa wa utumbo wa kuku. Kwa kuku ni dawa. Kwa farasi na punda kiasi kidogo huharibu misuli ya moyo na kuua. Usiweke chakula cha kuku kama chambo cha aina yoyote, na banda la kuku lililo karibu na malisho liwe na mlango unaofungwa.

Ikiwa unashuku kwamba punda amekula kitu kibaya, mtenge na chakula, hifadhi mabaki ya alichokula, umwite daktari wa mifugo mara moja. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu, kwa kuwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Na kwa kidonda cha waya, hata kidogo, osha kwa maji safi mengi yenye chumvi kidogo na uulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Punda na farasi hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa kufugwa.

Mbwa, harufu, na sungura wa kufugwa

Mbwa aliyefundishwa vizuri, akilala ndani ya uzio, husaidia, mradi amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Nje ya uzio usimwachie, kwani punda kwa asili yake huwachukia mbwa na huwafukuza kwa meno na mateke, na katika purukushani hiyo wavu wako ndio utakaovunjwa.

Maji ya pilipili kichaa, kitunguu saumu na mwarobaini yanayonyunyizwa kwenye majani hufanya kazi siku tatu au nne hivi, na mvua moja huyaosha. Nayatumia kwa muda mfupi tu, miche ikiwa bado midogo na uzio haujakamilika, na siyanyunyizi kamwe kwenye nyasi ambazo punda atakula.

Wanaofuga sungura wa nyama wawaweke katika vibanda vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vyenye sakafu ya wavu. Sungura wa aina hiyo akitoroka huchimba, na shimo lililo katikati ya malisho ni hatari kwa mguu wa farasi au punda anayekimbia. Akikamatwa mapema tatizo huisha.

Hatua ya saba: Ukaguzi

Zunguka uzio mara moja kwa wiki na baada ya kila mvua kubwa, ukitazama chini zaidi kuliko juu. Manyoya yaliyonasa kwenye waya, kijia kipya katika nyasi, udongo uliochimbuliwa: hivi vitatu vitakuonyesha pa kurekebisha. Kazi kubwa ya matengenezo ifanyike Februari, kabla ya masika na kabla ya kupanda, na tena Septemba kabla ya vuli. Miezi ya hatari zaidi ni ile ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba na tena Januari na Februari, wakati shamba lako linalomwagiliwa maji limebaki kijani peke yake katika eneo zima.

Ukikuta sungura au panya aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu. Mkoa wetu una historia ya tauni, ambayo iliisumbua wilaya ya Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980, na viroboto wa wanyama wadogo ndio wanaoieneza. Tumia mfuko wa plastiki mkononi au koleo la kuchimbia, mzike kwa kina cha nusu mita mbali na kisima, na ukiona panya wengi wamekufa pamoja toa taarifa kituo cha afya.

Baada ya miezi miwili rudia ile hesabu ya mashina 100, katika sehemu zile zile 10. Kwangu, kabla ya uzio, mashina yaliyokatwa yalikuwa 38. Baada ya miezi miwili yalikuwa 3, na yote matatu yalikuwa karibu na lango. Nilipiga magoti na kupima kwa kidole nafasi iliyokuwa chini yake, nikakuta ardhi imelika na vidole vinne vinapita. Siku hiyo hiyo nikaweka kizingiti cha matofali.